Kuomba shahada ya OT ya wikendi Marekani ukiwa bado kazini

Shahada ya OT (tiba kwa vitendo) ya wikendi ina madarasa ya wikendi, lakini fildi yake, yaani mafunzo ya kazini hospitalini au kliniki, ni ya siku za kazi, na haina mshahara. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalowaangusha watu wa kwetu, wala si anatomia. Mtu anapiga hesabu ya karo, anapiga hesabu ya mafuta ya gari, anaomba, anakubaliwa, anasoma vizuri bila kupoteza shifti zake za katikati ya wiki, halafu anaambiwa: kuanzia Januari uko hospitalini Jumatatu hadi Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni, wiki 12. Ukimaliza hapo, wiki nyingine 12 mahali pengine. Mwenye nyumba anataka kodi yake, na huko nyumbani wanaosubiri hela ya mwisho wa mwezi hawajui fildi ni kitu gani.

Mwongozo huu ni kwa ndugu aliyeko Marekani anayefanya kazi ya CNA (msaidizi wa muuguzi), anayelea wazee majumbani, anayefundisha shule, au ambaye tayari ni msaidizi wa tiba mwenye cheti cha COTA, na sasa anataka kuwa mtaalamu kamili wa tiba kwa vitendo, ile ambayo kazini kila mtu anaiita OT. Mimi nafanya kazi hiyo kwenye nyumba ya wazee na huwa nasimamia wanafunzi wa fildi. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye mambo ninayoyaona yakiwatoa watu jasho, na yale ambayo tovuti za vyuo zinayaeleza vizuri nitayapita haraka.

Hatua ya 1: Hakikisha programu hizi zinakuhusu

Kama uko Nairobi, Dar es Salaam au Bujumbura na unataka kuja kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, programu ya wikendi karibu kila mara si njia yako. Kanuni za uhamiaji zinamtaka mwenye F-1 asome muda wote, na kati ya madarasa ya mtandaoni linahesabiwa moja tu kwa muhula, lisilozidi krediti tatu. Programu nyingi za wikendi zimejengwa kwa kuchanganya mtandao na siku chache za chuoni, kwa hiyo vyuo vingi havitoi fomu ya I-20, ile ya kuombea viza hiyo, kwa ajili yake. Iandikie ofisi ya wanafunzi wa kimataifa swali hilo moja kabla hujalipa ada yoyote: je, programu hii mahususi inatoa I-20? Wakisema hapana, tafuta programu ya kawaida ya siku za wiki. Programu za wikendi zinawafaa hasa raia, wenye grini kadi na wengine wenye haki ya kuishi na kufanya kazi hapa.

Kama ulisomea OT nyumbani, iwe KMTC Kenya, KCMC Moshi au Mulago, usikimbilie kulipia shahada ya pili. Anza na NBCOT, chombo kinachotoa mtihani wa taifa. Kina utaratibu unaoitwa OTED wa kupima elimu ya waliosoma nje ya Marekani. Soma masharti yake kwanza ujue umepungukiwa nini. Pia uwe macho na shahada za OTD, yaani udaktari wa OT, za mtandaoni zinazotangazwa kila kona: nyingi ni za kuwaendeleza watu ambao tayari ni OT wenye leseni, na ukiimaliza bila leseni haikupi ruhusa ya kufanya mtihani. Neno la kutafuta kwenye tovuti ya chuo ni "entry-level", yaani ya kuingilia fani. Usipoliona, piga simu uulize.

Shahada yako ya kwanza inaweza kuwa ya kitu chochote. Nimewaona wa ualimu, wa biashara, wa kompyuta, hata wa kilimo. Kinachotakiwa ni shahada kamili na masomo ya sharti nitakayoyaeleza mbele.

Hatua ya 2: Chagua aina, kisha uangalie ithibati

Kuna milango mitatu. Shahada ya uzamili, udaktari wa OTD wa kuingilia fani, na programu za daraja (bridge), za kuwavusha wasaidizi wa tiba ambao tayari wana COTA. Uzamili na OTD vinakupeleka kwenye mtihani uleule na leseni ileile. Mwaka 2017 ACOTE, baraza la ithibati la fani hii, lilitangaza kwamba kuanzia 2027 udaktari ndio ungekuwa mlango pekee. Baadaye likarudi nyuma, na njia zote mbili zikabaki. Bado nakutana na watu wanaotishwa na habari hiyo ya zamani. OTD inaongeza mradi wa mwisho wa wiki 14 juu ya fildi ya kawaida, na wiki hizo nazo mara nyingi hazina malipo. Kwa maoni yangu, mwenye familia na kodi asilipie udaktari ila kama anataka kufundisha chuo au amepata punguzo la maana.

Mifano ya kuanzia kutafuta: Mercy University iliyoko Dobbs Ferry, kaskazini kidogo ya jiji la New York, imejulikana kwa uzamili wa OT unaofundishwa wikendi. University of Findlay huko Ohio ina programu ya daraja ya wikendi kwa wasaidizi wa tiba. Belmont University mjini Nashville nayo imefungua mlango wa daraja kuelekea OTD. University of St. Augustine for Health Sciences ina mtindo inaouita Flex, nadharia mtandaoni na maabara siku za wikendi. Ratiba za programu hizi hubadilika, kwa hiyo unachokiona kwenye tangazo la zamani kithibitishe kwa ofisi ya udahili.

Kisha nenda kwenye orodha ya ACOTE yenyewe, usitegemee maneno ya chuo. Programu mpya hupita ngazi tatu: ugombea, ithibati ya awali, kisha ithibati kamili. Kusoma kwenye programu iliyo katika ngazi ya chini si kosa, ila ujue hatari iko wapi: ikifika siku ya kuhitimu na programu haijapata ithibati, hutaruhusiwa kufanya mtihani wa NBCOT, na bila mtihani huo hakuna jimbo litakalokupa leseni.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya wiki 24 kabla ya kugusa fomu

Hapa ndipo pa kukaa na kalamu. Kiwango cha ACOTE kwa OT ni fildi ya ngazi ya pili isiyopungua wiki 24 za muda wote. Kabla ya hapo kuna fildi ya ngazi ya kwanza, siku chache chache za kushuhudia na kushiriki kidogo, ambazo nazo aghalabu huangukia siku za kazi. Kanuni inaruhusu ngazi ya pili ifanywe kwa nusu muda, mradi isiwe chini ya nusu ya saa za mfanyakazi kamili wa mahali hapo, lakini ruhusa hiyo inategemea hospitali au kliniki itakayokupokea. Zilizo nyingi hukataa. Mgonjwa wa kiharusi anakaa wodi ya ukarabati wiki mbili tatu. Mwanafunzi anayekuja siku nusu nusu hamfuatilii hadi mwisho, na msimamizi wake anajikuta na kazi maradufu. Nami nimewahi kukataa maombi ya namna hiyo, ingawa najua mwombaji alikuwa na sababu.

Kuna jambo la pili ambalo waandaaji wa programu hizi hawakulifikiria kwa niaba yetu. Wao wanamwona mwanafunzi wa wikendi kama mtu wa ofisini, Jumatatu hadi Ijumaa. Wengi wetu ni kinyume. CNA wa kwetu anaishi kwa dabo za wikendi, saa 16 Jumamosi na saa 16 Jumapili, kwa sababu kuna nyongeza ya wikendi kwenye kila saa. Ukiingia programu hii, nyongeza hiyo ndiyo ya kwanza kuondoka. Na wikendi ndiyo siku ya harusi, harambee, kikao cha chama cha kuchangiana, kanisa, madrasa ya watoto, na matanga ya mtu ambaye usipokwenda utaulizwa mpaka kaburini. Kaa na mwenzi wako au dada unayeishi naye mlizungumze hilo mapema, kwa majina ya siku na tarehe.

Halafu uandike baruapepe kwa mratibu wa fildi wa kila chuo unachokitaka. Si kwa ofisi ya udahili. Mratibu wa fildi ana cheo chake na jina lake liko kwenye tovuti. Muulize:

- Je, kuna mwanafunzi wenu yeyote aliyewahi kufanya ngazi ya pili kwa nusu muda, na wapi?
- Mwanafunzi hupangiwa umbali gani kutoka anakoishi?
- Siku za ngazi ya kwanza hutangazwa muda gani kabla?
- Naweza kufanya fildi kwa mwajiri wangu wa sasa, kwenye idara tofauti?
- Wiki 24 zinaangukia miezi gani?

Jibu la swali la pili ndilo litakaloamua kama unahitaji gari jipya. Kuna wanaopangiwa mwendo wa saa moja na nusu kila upande, na hilo liko kwenye mkataba waliosaini bila kusoma.

Baada ya majibu, andika gharama zako za mwezi mmoja, zidisha kwa sita. Hicho ndicho kiasi cha kuwa nacho benki, au cha kujua kitatoka wapi, kabla fildi haijaanza. Kama huna leo si lazima uache kuomba: una karibu miaka miwili ya kukijenga. Lakini anza kukijenga mwezi wa kwanza. Watu wa chama wanaelewa hili vizuri: omba zamu yako ya kupokea iangukie mwanzo wa fildi.

Hatua ya 4: Masomo ya sharti

Orodha hutofautiana kidogo, ila karibu kila chuo kinataka anatomia na fiziolojia sehemu ya kwanza na ya pili zenye maabara, takwimu, saikolojia ya matatizo ya akili, na ukuaji wa binadamu tangu utotoni hadi uzeeni. Wengi wanaongeza sosholojia au anthropolojia, na wengine istilahi za kitabibu au fizikia. Masomo haya yanaisha muda. Vyuo vingi havikubali anatomia iliyosomwa zaidi ya miaka mitano, saba au kumi iliyopita, na kama uliisoma ukiwa Mbeya mwaka 2009 jiandae kurudia.

Chukua masomo haya chuo cha jamii kilicho karibu nawe. Ni nafuu mara nyingi kuliko chuo kikuu, na hakuna kamati ya udahili itakayokuuliza kwa nini hukwenda kwingine. Kabla ya kujiandikisha maabara ya mtandaoni, pata jibu la maandishi kwamba inakubalika, kwani baadhi ya vyuo vinataka maabara ya ana kwa ana. Usichukue anatomia na fiziolojia pamoja na takwimu katika muhula mmoja wa kiangazi huku unafanya shifti za usiku. OTCAS, mfumo wa pamoja wa maombi, unahesabu kila jaribio kwenye wastani wako. Ukipata D kisha ukarudia ukapata A, zote mbili zinaingia. Kiwango cha chini kinachotajwa mara nyingi ni wastani wa 3.0.

Hatua ya 5: Vyeti vya nyumbani

Kama shahada yako ya kwanza ni ya Afrika Mashariki au Kongo, itahitaji kutathminiwa, mara nyingi na WES, shirika linalopima vyeti vya nje. Agiza tathmini ya somo kwa somo, si ile ya cheti kwa ujumla, maana ya pili haionyeshi alama za kila somo na utalazimika kulipa tena. Anza hatua hii kabla ya nyingine zote za makaratasi. Transkripti inatakiwa itumwe na chuo chenyewe, kwa bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri au kwa njia ya mtandao chuo kinapoweza, na ofisi za wasajili wa kwetu tunazijua. Mtume ndugu aende mwenyewe, awe na barua yako ya idhini, nakala ya kitambulisho chako, namba yako ya usajili ya chuo na namba ya kumbukumbu ya WES iliyoandikwa juu ya bahasha. Asiondoke na jibu la "njoo wiki ijayo" bila jina la aliyemwambia. Kama majina yako ya ndoa hayafanani na ya cheti, weka hati ya ndoa au kiapo tangu mwanzo.

Usihofu kuona 65 kwenye transkripti. Mtathmini anajua kwamba kwa mfumo wa vyuo vyetu vingi 70 ni A, na anatumia mizani ya nchi uliyosoma. Usijigeuzie alama mwenyewe popote kwenye fomu.

Waliosoma kwa Kifaransa au kwa lugha nyingine watatakiwa mtihani wa Kiingereza, TOEFL au IELTS. Hata waliosoma Kenya na Tanzania kwa Kiingereza wakati mwingine huombwa. Uliza kama miaka yako ya masomo Marekani inakuondolea sharti hilo.

Hatua ya 6: Saa za kushuhudia

Vyuo vingine havitaki hata saa moja, vingine vinataka 40 au zaidi, na baadhi vinataka sehemu mbili tofauti, kwa mfano nyumba ya wazee na kliniki ya watoto. Kazi yako ya CNA haihesabiwi, hata kama umewapeleka wakazi kwenye jimu ya tiba kila siku kwa miaka. Saa hizi ni za kumfuata OT, kukaa pembeni, kuangalia na kuuliza.

Ila una faida ambayo mwombaji wa miaka 22 hana: tayari uko ndani ya jengo. Mwendee mkurugenzi wa tiba, si mkuu wa manesi. Nyumba nyingi za wazee zimekodisha huduma ya tiba kwa kampuni ya nje, na ruhusa inatoka kwa kampuni hiyo. Omba siku yako ya mapumziko, vaa nguo tofauti na sare yako ya CNA, la sivyo mkazi atakuita umpeleke msalani na mfanyakazi mwenzako atakuona kama mkono wa ziada. Fomu isainiwe siku hiyohiyo, ikiwa na jina kamili la OT, namba yake ya leseni na simu ya kazini. Watu wa tiba huhamahama. Ukirudi baada ya miezi sita anaweza kuwa jimbo jingine.

Ukiwa pale, angalia kwa makini, kwa sababu insha yako itatoka hapo. Tazama OT anavyomvisha shati mtu aliyepooza upande mmoja. Mkono dhaifu unaingia kwanza. Wakati wa kuvua, mkono wenye nguvu ndio unatoka kwanza. CNA mzuri analijua hilo. Tofauti inakuja baadaye kidogo, mkazi anapofika kwenye vifungo. CNA, ambaye ana wakazi wengine wanaopiga kengele, anavifunga yeye amalize. OT anampa mzee kifaa cha waya chenye mpini cha kuvutia vifungo, anakaa kwenye kiti, anasubiri. Kifungo kimoja kinaweza kuchukua dakika tatu. Andika kwenye daftari uliona nini katika dakika hizo: mzee aliegemea wapi, aliangalia nini, OT alizungumza lini na alinyamaza lini.

Hatua ya 7: Insha

OTCAS inakupa herufi 7,500 pamoja na nafasi, zaidi kidogo ya kurasa mbili, ueleze kwa nini umechagua OT na maisha yako yamekuandaa vipi. Insha nyingi nilizopewa na watu wa kwetu nizisome zinaanza na sentensi hii: "Tangu utotoni nimependa kusaidia watu." Kamati imeisoma asubuhi hiyohiyo kwa waombaji wengine, na hata ingekuwa kweli haimtofautishi OT na mwuguzi, mchungaji au zimamoto.

Linganisha na hii: "Kwa miaka mingi nilijivunia kuwa mwepesi. Ningeweza kumvika mkazi nguo zote kabla kifungua kinywa hakijafika. Siku niliyomfuata OT, nilimwona seremala mstaafu akipambana na kifungo kimoja huku OT akisubiri, na nikatambua kwamba wepesi wangu ulikuwa umemnyima mzee yule kazi ya mikono yake kila asubuhi." Hapo kuna kazi unayoijua, kuna kitu umekiona, na kuna sababu ya kubadilika ambayo ni ya OT peke yake. Usinakili kisa hiki. Wewe una chako.

Mambo mawili ya malezi yetu yanatuponza kwenye insha. La kwanza ni unyenyekevu. Tumefundishwa kwamba mtu hajisifu, wengine ndio wamsifu, kwa hiyo tunaandika "tulifanya" na "nilibahatika". Kamati ya Marekani inataka kujua wewe ulifanya nini. Andika "nilifundisha wafanyakazi wapya wanne kutumia mashine ya kunyanyulia wakazi", kama ni kweli, bila kuongeza sifa. La pili ni kusimulia shida: kambi, njaa, safari. Kama ulilelewa Kakuma au Nyarugusu na hilo lina uhusiano na unachotaka kufanya, litaje, ila kwa aya moja. Nafasi iliyobaki iwe ya mtu anayeomba kazi ya kitaaluma.

Wenye COTA wanaoomba programu za daraja wana kazi tofauti: kueleza ni jambo gani leseni yao ya sasa hailiruhusu wanalolitaka. Msaidizi wa tiba hatathmini mgonjwa peke yake wala hatungi mpango wa tiba. Eleza mgonjwa ambaye ungetaka kumtathmini wewe, na ungeanzia wapi.

Hatua ya 8: Barua za mapendekezo na fomu yenyewe

Barua ni mbili au tatu, na moja iwe ya OT. Mwalimu wa anatomia wa chuo cha jamii anafaa kuliko profesa wa nyumbani ambaye hakukumbuki. Mchungaji, imamu na rafiki wa familia hawafai, hata wakiandika vizuri. Waombe ana kwa ana, uwape wasifu wako wa ukurasa mmoja na tarehe ya mwisho iliyo wiki mbili kabla ya ile halisi. OTCAS itawatumia kiungo kwa baruapepe, na kiungo hicho hupenda kujificha kwenye folda ya taka. Waambie waangalie huko.

Msimu wa OTCAS kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka, kwa ajili ya madarasa ya mwaka unaofuata. Ukishatuma, maombi hayaendi chuoni hapohapo. Yanasubiri transkripti zote zifike, kisha alama zinahakikiwa, na hilo linaweza kula wiki kadhaa. Vyuo vingi hujaza nafasi kadiri maombi yanavyokamilika, kwa hiyo anayetuma mapema anagombea viti vingi na anayetuma siku ya mwisho anagombea vilivyobaki. Agiza transkripti kutoka kila chuo ulichowahi kusoma hapa, hata kile ulichochukua somo moja la Kiingereza ukaacha. Chuo kimoja kilichosahaulika husimamisha faili lote.

Hatua ya 9: Usaili

Mara nyingi ni kwa video, wakati mwingine kwa kundi, ambapo waombaji watano wanapewa tatizo moja na walimu wanaangalia nani anasikiliza. Usiinamishe macho kwa heshima; tazama kamera. Swali ambalo hakika utaulizwa wewe mwenye kazi ni: utamudu vipi? Hapa ndipo ile karatasi ya Hatua ya 3 inalipa. Mwombaji anayejibu "Mungu atasaidia, mimi ni mchapakazi" anaweza kuwa anasema kweli, lakini anayesema "nitahamia shifti za jioni katikati ya wiki, nimeshaongea na meneja, na nina akiba ya miezi minne hadi sasa kwa ajili ya fildi" ndiye anayemwondolea msaili wasiwasi.

Hatua ya 10: Pesa

Karo hutajwa kwa krediti. Zidisha mwenyewe na uongeze ada za maabara, hoteli za wikendi kama chuo kiko mbali, na ada ya mtihani. Jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali, mapema. Mikopo ya serikali inakutaka uwe umejiandikisha angalau nusu ya mzigo wa kawaida, na programu ya polepole inaweza kushuka chini ya hapo muhula mmoja bila wewe kugundua.

Sheria ya 2025 imebadilisha mambo. Kwa wanaoanza kukopa kuanzia 1 Julai 2026, mkopo wa Grad PLUS uliokuwa ukiziba pengo lote la karo haupo tena. Shahada za juu za kawaida zina kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Zile zinazotambuliwa kama za kitaaluma zina 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Usidhani OT iko kundi la pili kwa sababu tu ina leseni. Iulize ofisi ya misaada ya fedha ya chuo, upate jibu kwa maandishi. Ukilinganisha na mshahara, takwimu za Wizara ya Kazi za Mei 2024 zinaweka mshahara wa kati wa OT karibu dola 98,000 kwa mwaka, lakini nyumba ya wazee ya mjini na shule ya kijijini hazilipi sawa, kwa hiyo angalia jimbo lako. Muulize pia mwajiri wako: hospitali na makampuni ya wazee mara nyingi yana fungu la kusomesha wafanyakazi, na wengi wa CNA hawajawahi kuliomba.

Hatua ya 11: Ukishakubaliwa

Utatakiwa kulipa amana ya kushikilia kiti, ambayo hairudishwi. Kama umekubaliwa vyuo viwili, rudi kwa waratibu wa fildi na maswali yaleyale kabla ya kulipa.

Kisha kuna makaratasi ya afya: homa ya ini B, surua, tetekuwanga, cheti cha kuokoa maisha, uchunguzi wa rekodi ya polisi, na kipimo cha kifua kikuu. Hiki cha mwisho kinawasumbua sana watu wetu. Ukiwa na lile kovu la chanjo ya BCG mkononi, kipimo cha kuchoma ngozi kinaweza kuvimba hata kama huna ugonjwa, na hapo utaingizwa kwenye mzunguko wa eksirei na barua za daktari huku tarehe ya fildi inakaribia. Omba tangu mwanzo kipimo cha damu, ambacho hakidanganywi na BCG.

Mwisho, zungumza na mwajiri kabla ya muhula wa kwanza, usingoje fildi. Omba ubadilishwe uwe mfanyakazi wa wito, mwenye kuitwa inapohitajika, kuanzia mwezi fildi itakapoanza. Uliza maswali mawili hapohapo: ni shifti ngapi kwa mwezi zinatosha nisiondolewe kwenye orodha, na bima yangu ya afya inakatika tarehe gani? Kama inakatika, dirisha la kujiandikisha bima ya soko la serikali (Marketplace) ni siku 60 tangu siku ya kukatika, na vyuo vingi havikuruhusu kukanyaga fildi bila bima.